Consolidated Bank: Benki iliyozaliwa na madeni na swali la nani mwenyewe

KATIKA miji ya Embu, Meru, Maua na Laare, jina la Consolidated Bank limekuwa likionekana kwa miaka mingi kando ya majina ya benki kubwa zaidi. Ni benki ndogo, ambayo sehemu yake ya soko la benki nchini haifiki asilimia moja. Lakini historia yake si ndogo. Ni benki ambayo haikuanzishwa na tajiri yeyote, haikuletwa na kampuni ya ng'ambo, wala haikuasisiwa na chama cha ushirika. Ilizaliwa Desemba 7, 1989, kutokana na taasisi tisa za fedha zilizokuwa zimefilisika.

Tangu siku hiyo benki hii imekuwa mali ya umma wa Kenya. Hata hivyo, umma huo haujawahi kuulizwa iwapo unataka kuwa na benki ya aina hiyo, wala haujapata kujua vyema hisa zake zimeshikwa na nani kwa niaba yake. Kisa cha Consolidated Bank ni funzo kuhusu jambo ambalo wateja wengi hawalitilii maanani wanapofungua akaunti: anayeimiliki benki ndiye anayepaswa kubeba hasara yake, na asipoweza au asipotaka kuibeba, mzigo huo huangukia mabega ya wengine.

FEDHA ZA KAHAWA

Ili kuelewa asili ya benki hii, ni lazima kurejea miaka ya 1970. Baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil mwaka wa 1975, na bei ya kahawa ikapanda kote duniani. Kati ya 1976 na 1977, wakulima wadogo katika maeneo yanayouzunguka Mlima Kenya, wakiwemo wale wa Embu na Meru, walipata malipo ambayo hawakuwa wameyaona tangu waruhusiwe kupanda zao hilo wakati wa ukoloni.

Fedha hizo zilihitaji mahali pa kuwekwa. Benki zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza zilikuwa na matawi katika miji mikuu tu, na aghalabu hazikuwa na hamu ya kumkopesha mwenye duka au mkulima asiye na hati ya shamba. Pengo hilo ndilo lililozibwa na Waafrika wenyewe. Zilianza kuchipuka benki ndogo za wazalendo, kampuni za fedha na vyama vya ujenzi wa nyumba, ambavyo vilipokea akiba ya wananchi na kuwakopesha watu wa kununua viwanja, matatu, bidhaa za duka na mashamba.

Mazingira ya kisiasa yalisaidia. Hizo zilikuwa siku za GEMA, muungano wa Wakikuyu, Waembu na Wameru ulioasisiwa mwaka wa 1971, ambao ulikuwa na kampuni yake ya uwekezaji na uliowahimiza watu wa eneo hilo kuingia katika biashara kubwa. Muungano huo, pamoja na mingine ya kikabila, ulivunjwa mwaka wa 1980, lakini moyo wa kuanzisha biashara uliendelea.

Sheria nayo ilikuwa imeacha mlango wazi. Aliyetaka kufungua kampuni ya fedha alihitaji mtaji mdogo kuliko wa benki kamili. Kampuni hizo pia ziliruhusiwa kutoza riba ya juu kuliko benki, kwa hivyo ziliweza kuwavutia wenye akiba kwa kuwaahidi faida kubwa zaidi. Vyama vya ujenzi wa nyumba vilikuwa na sheria yake tofauti kabisa, na jicho la Benki Kuu ya Kenya halikuvifikia ipasavyo. Haikuwa ajabu kwa kundi moja la wenyehisa kumiliki benki, kampuni ya fedha na chama cha ujenzi kwa pamoja, na kuhamisha fedha kutoka mfuko mmoja hadi mwingine.

MIAKA YA KUANGUKA

Mwaka wa 1984 kampuni ya Rural Urban Credit Finance, iliyohusishwa na aliyekuwa Meya wa Nairobi, Andrew Ngumba, ilianguka. Mwaka wa 1986 zilifuata Continental Bank na kampuni yake ya mikopo, kisha Union Bank of Kenya na Jimba Credit Corporation. Wenye akiba walipiga foleni kutaka fedha zao, na hofu ikaenea hata kwa taasisi ambazo hazikuwa na tatizo.

Takwimu zilizokusanywa baadaye na wataalamu wa Benki ya Dunia zinaonyesha ukubwa wa janga hilo. Kati ya 1985 na 1989, benki nne na taasisi nyingine 24 za fedha zilikumbwa na uhaba wa fedha au ufilisi. Kwa pamoja zilibeba asilimia 15 ya madeni ya mfumo mzima wa fedha nchini, yaani sehemu kubwa ikiwa ni fedha ambazo wananchi walikuwa wamezikabidhi.

Sababu zilikuwa nyingi, lakini mbili zilijitokeza mara kwa mara. Ya kwanza ni wakurugenzi kujikopesha wenyewe, au kuzikopesha kampuni zao, kutoka katika akiba za wateja. Ya pili ni kukopa kwa muda mfupi na kukopesha kwa muda mrefu: mteja aliweka fedha za miezi mitatu, nayo kampuni ikazitia katika jengo au kiwanja ambacho kingechukua miaka kumi kurudisha fedha hizo. Mteja alipokuja kudai chake, jengo lilikuwepo lakini fedha hazikuwepo.

Wapo wachambuzi ambao wameongeza sababu ya tatu. Wanasema kwamba nyingi ya taasisi hizo zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Mlima Kenya waliokuwa wamenawiri enzi za Rais Jomo Kenyatta, na kwamba chini ya Rais Daniel arap Moi ulinzi wa kisiasa uliondoka, na amana za mashirika ya serikali zikaondoka pamoja nao. Hoja hiyo imejadiliwa kwa muda mrefu. Lisilobishaniwa ni kwamba ukaguzi ulikuwa dhaifu na kwamba vitabu vya hesabu vya baadhi ya taasisi hizo havikuonyesha hali halisi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Serikali ilichukua hatua kwa awamu. Mwaka wa 1985 Sheria ya Benki ilifanyiwa marekebisho yaliyoanzisha Hazina ya Kulinda Amana, ambayo ingemlipa mwenye akiba sehemu ya fedha zake benki inapofungwa. Mwaka wa 1989 ikapitishwa Sheria mpya ya Benki iliyoipa Benki Kuu uwezo zaidi wa kukagua na kuadhibu. Ilibaki kuamua la kufanya kuhusu taasisi ambazo tayari zilikuwa zimelala.

TISA KUWA MOJA

Njia mbili zilikuwepo. Ya kwanza ilikuwa kuzifilisi taasisi hizo, kuuza mali zao na kuwagawia wadai kilichopatikana. Njia hiyo ingechukua miaka mingi na ingewaacha wenye akiba wengi mikono mitupu. Ya pili ilikuwa kuziunganisha kuwa benki moja ya serikali, ambayo ingerithi mali na madeni yake yote, iwafungulie wateja milango tena na kuendelea kuwadai waliokopa.

Serikali ilichagua njia ya pili. Taasisi zilizounganishwa zilikuwa Union Bank of Kenya, Jimba Credit Corporation, Kenya Savings and Mortgages, Estate Finance Company of Kenya, Estate Building Society, Business Finance Company, Citizen Building Society, Home Savings and Mortgages na Nationwide Finance Company. Miongoni mwa hizo tisa ilikuwepo benki, kampuni za fedha, taasisi za mikopo ya nyumba na vyama vya ujenzi.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa benki yenye makao yake makuu katika barabara ya Koinange, Nairobi. Tofauti na benki nyingine, haikuanza na mtaji uliotafutwa kwa ajili ya biashara. Ilianza na majengo, mikopo iliyokwama, kesi mahakamani na orodha ndefu ya watu waliokuwa wakingoja fedha zao. Kwa mwenye akiba aliyekuwa amekata tamaa, kuundwa kwake kulikuwa nafuu kubwa. Kwa benki yenyewe, ulikuwa mzigo wa kubeba tangu siku ya kuzaliwa.

NANI MWENYE HISA

Umiliki wa Consolidated Bank umekuwa wa serikali tangu mwanzo, lakini haukuwa mikononi mwa ofisi moja. Kwa zaidi ya miaka ishirini, mwenyehisa mkubwa alikuwa Hazina ya Kulinda Amana, iliyokuwa na hisa zinazozidi nusu kidogo tu. Sehemu iliyosalia iligawanywa miongoni mwa mashirika ya umma zaidi ya ishirini.

Mpangilio huo ulikuwa na kasoro mbili ambazo hazikuonekana wazi siku ya kwanza. Kasoro ya kwanza ni kwamba Hazina ya Kulinda Amana ilikuwa imeundwa ili kuwafidia wateja wa benki zinazofungwa na kusimamia ufilisi wake. Sasa ikawa pia mmiliki wa benki inayofanya biashara na kushindana na nyingine. Fauka ya hayo, hazina hiyo iliendeshwa chini ya Benki Kuu, ambayo ndiyo yenye jukumu la kukagua benki zote. Mkaguzi, mwenye bima na mwenye mali walikuwa wakiishi nyumba moja.

Kasoro ya pili ni kwamba mashirika ya umma yaliyoshikilia hisa zilizosalia hayakuwa na sababu ya kuongeza fedha zao katika benki hiyo. Kila moja lilikuwa na kazi yake iliyoliunda. Benki binafsi inapohitaji mtaji, wenyehisa wake huitwa na kuambiwa watoe fedha au wakubali hisa zao zipungue thamani. Katika Consolidated Bank, wito wa aina hiyo ulimaanisha kugonga mlango wa Hazina ya Taifa na kungoja bajeti.

Mabadiliko yalikuja baada ya Bunge kupitisha Sheria ya Bima ya Amana mwaka wa 2012, ambayo ilianza kutekelezwa 2014 na kuunda Shirika la Bima ya Amana kama taasisi inayojitegemea, nje ya Benki Kuu. Hisa zilizokuwa chini ya hazina ya zamani zilihamia kwa Hazina ya Taifa, ambayo sasa ndiyo yenye sehemu kubwa kabisa ya benki, zaidi ya robo tatu. Mashirika ya umma yamebaki na sehemu ndogo.

Kwa maneno mengine, mlipa kodi wa Runyenjes au Nkubu ni mmiliki wa benki hii sawa na mlipa kodi wa Mombasa au Kisumu. Tofauti yake na mwenyehisa wa kawaida ni kwamba hana cheti, hapati gawio, na hawezi kuuza sehemu yake.

EMBU, MERU NA NYAMBENE

Matawi ya benki hii yanasimulia historia yake. Nje ya Nairobi na Mombasa, benki imekuwa na mizizi katika ukanda unaoanzia Thika na Murang'a, ukapanda hadi Embu, ukaendelea Meru, ukapinda kuelekea Maua na Laare katika milima ya Nyambene, na kuteremka hadi Isiolo. Kwa benki yenye matawi machache nchini, hiyo ni sehemu kubwa ya nguvu zake, na ni eneo lile lile ambalo fedha za kahawa zilizaa taasisi za wazalendo.

Uchumi wa ukanda huo una sura zaidi ya moja. Embu na sehemu za juu za Meru ni nchi ya kahawa na majani chai, ambako malipo huja kwa msimu kupitia vyama vya ushirika na viwanda kama vile Mungania na Rukuriri upande wa Embu, au Imenti na Githongo upande wa Meru. Mkulima hupata malipo ya kila mwezi ya majani chai, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Benki inayomhudumia huona akiba ikijaa ghafla na kupungua polepole hadi msimu mwingine.

Maua na Laare ni ulimwengu tofauti. Huko biashara ni miraa, ambayo huchumwa alfajiri na kusafirishwa kabla haijanyauka. Fedha huzunguka kila siku na nyingi yazo ni taslimu. Mfanyabiashara wa miraa hahitaji mkopo wa miaka ishirini wa kujenga nyumba, bali mtu wa kupokea fedha zake jioni na kumpa kesho yake asubuhi. Kwa benki, amana kama hizo ni za thamani lakini si za kutegemewa, kwa kuwa huweza kutoweka soko linapofungwa.

Na soko limefungwa zaidi ya mara moja. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka wa 2013, na Uingereza ikafuata Juni 2014. Somalia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilizuia ndege za miraa Machi 2020 na haikuziruhusu tena hadi Julai 2022. Kila mara soko lilipofungwa, madhara yalienea kutoka kwa wachumaji hadi kwa wenye magari, wenye maduka na taasisi za fedha walikoweka akiba zao.

Katika miji hiyo Consolidated Bank haikuwa peke yake. Kuna benki kubwa zenye matawi na maajenti kila mahali, na kuna vyama vya akiba na mikopo vyenye nguvu. Solution Sacco ilitokana na chama cha walimu wa Meru, Winas Sacco ikatokana na chama cha walimu wa Embu, nayo Yetu Sacco ina makao yake Nkubu. Vyama hivyo vina jambo moja ambalo Consolidated Bank haina: mwenye akiba ndiye mwenye hisa, na kila mwaka hukaa katika mkutano na kuuliza maswali.

NDUGU ALIYESIMAMA

Kuna taasisi nyingine ya Mlima Kenya ambayo kisa chake kinasaidia kuelewa cha Consolidated Bank. Mwaka wa 1984, wakati Rural Urban ilipokuwa ikianguka, Peter Munga na wenzake walifungua chama cha ujenzi wa nyumba huko Kangema, Murang'a, kwa jina Equity Building Society. Kufikia 1993, chama hicho nacho kilikuwa taabani. Zaidi ya nusu ya mikopo yake haikuwa ikilipwa, hasara yake ilikuwa imefikia Sh33 milioni ilhali mtaji uliolipwa ulikuwa Sh3 milioni, na Benki Kuu ikatangaza kwamba kimefilisika kwa mujibu wa hesabu.

Equity haikuunganishwa na taasisi nyingine wala kuchukuliwa na serikali. Iliachwa ijikwamue. Uongozi uliacha mikopo mikubwa ya nyumba, ukageukia wenye akiba wadogo, na ukawashawishi wafanyakazi na wateja kununua hisa. Mwaka wa 2004 ikawa benki kamili, na mwaka wa 2006 ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Family Finance, iliyoanza pia 1984 kama chama cha ujenzi, ilipata leseni ya benki mwaka wa 2007.

Si haki kuzilinganisha moja kwa moja. Equity ilikuwa na madeni ya taasisi moja, ilhali Consolidated Bank ilirithi ya tisa. Lakini tofauti moja inafaa kuzingatiwa. Equity ilipohitaji mtaji, ilikuwa na watu wa kuwaendea ambao wangepata faida kama benki ingefaulu. Consolidated Bank ilikuwa na wizara.

Kwa upande mwingine, umiliki wa wanachama si kinga ya kila kitu. Mwalimu National Sacco, ambayo wanachama wake ni walimu kutoka kote nchini, wakiwemo wa Meru na Embu, ilinunua sehemu kubwa ya benki ndogo ya Equatorial Commercial Bank, ambayo baadaye iliitwa Spire Bank. Benki hiyo iliendelea kupata hasara, na mwaka wa 2023 Equity ilichukua sehemu ya mali na amana zake. Fedha ambazo walimu walitia katika ununuzi huo zilipotea. Mchuma janga hula na wa kwao.

MTAJI USIOTOSHA

Tatizo la kudumu la Consolidated Bank limekuwa mtaji. Mtaji wa msingi wa benki ni fedha za wenyewe, si za wateja. Ndio unaomeza hasara kabla hasara hiyo haijafikia akiba za watu. Sheria ya Kenya pia huutumia kupima ukubwa wa mikopo: benki hairuhusiwi kumkopesha mteja mmoja zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wake wa msingi. Benki yenye mtaji wa Sh1 bilioni inaweza kumkopesha mteja mmoja hadi Sh250 milioni. Mtaji ukishuka hadi Sh200 milioni, kima hicho huwa Sh50 milioni, na wateja wakubwa huhamia kwingine.

Mwaka wa 2008 serikali iliamua kwamba kiwango cha chini cha mtaji kipande kutoka Sh250 milioni hadi Sh1 bilioni kufikia mwisho wa 2012. Mwaka huo wa 2012 Consolidated Bank iliingia katika Soko la Hisa la Nairobi, si kwa kuuza hisa bali kwa kuuza hatifungani ya miaka saba, na ikapata takriban Sh1.7 bilioni. Fedha hizo zilikuwa deni. Ziliiwezesha kukopesha, lakini zilihitaji kulipiwa riba na kurudishwa.

Kisha ikaja misukosuko iliyozipiga benki zote ndogo. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank ziliwekwa chini ya urasimu. Wenye akiba walianza kuzikimbia benki ndogo na kukimbilia kubwa, bila kujali ni ipi nzima na ipi mbovu. Septemba 2016 sheria ya kudhibiti riba ilianza kutumika, na ikadumu hadi Novemba 2019. Benki ndogo, ambazo hulazimika kuwalipa wenye akiba riba ya juu ili kuwavutia, zilibanwa pande zote mbili.

Consolidated Bank ilipata hasara mwaka baada ya mwaka, na mtaji wake ukashuka chini ya viwango vya sheria. Kwa benki binafsi, hali kama hiyo huleta amri kali: tafuta fedha, tafuta mnunuzi, au ufungwe. Kwa benki ya serikali, anayepaswa kutoa fedha ni serikali, na anayepaswa kutoa amri ni taasisi ya serikali.

KUUZA AU KUTOUZA

Wazo la kuiuza benki hii si geni. Mwaka wa 2009 ilikuwa katika orodha ya mashirika ambayo serikali ilitangaza kwamba yangebinafsishwa, pamoja na National Bank na Development Bank of Kenya. Jopo la Rais kuhusu mageuzi ya mashirika ya umma la mwaka wa 2013 lilirejelea suala hilo. Miaka ilipita bila mauzo kufanyika.

National Bank, iliyokuwa kubwa zaidi, ilichukuliwa na KCB mwaka wa 2019 na baadaye ikauzwa kwa Access Bank ya Nigeria mwaka wa 2025. Consolidated Bank ilibaki ilipo, ikiwa ndogo mno kumvutia mnunuzi mkubwa na yenye mzigo mno kumvutia mdogo.

Sasa sheria imeweka muda. Desemba 2024 Kenya ilipitisha marekebisho yanayozitaka benki zote kuwa na mtaji wa msingi wa Sh10 bilioni kufikia mwisho wa 2029, kwa hatua: Sh3 bilioni mwisho wa 2025, Sh5 bilioni mwaka unaofuata, Sh6 bilioni 2027, Sh8 bilioni 2028, kisha Sh10 bilioni. Kwa benki ambayo imetatizika kufikisha Sh1 bilioni, hiyo si ngazi ya kupanda kwa nguvu zake yenyewe. Ama Hazina ya Taifa itoe fedha za walipa kodi, ama aje mnunuzi, ama iunganishwe na benki nyingine.

Kila njia ina gharama yake kwa Embu na Meru. Serikali ikitia fedha, ni fedha ambazo hazitajenga barabara wala hospitali. Mnunuzi akija, huenda akafunga matawi yanayokaribiana na yake. Benki ikiunganishwa, wateja watahamishiwa mfumo mwingine, na afisa wa mikopo aliyemjua mkulima kwa jina na kwa shamba huenda asiwepo tena.

LA KUJUA MWENYE AKIBA

Kwa mteja wa kawaida wa tawi la Maua au Embu, mambo mawili yanastahili kukumbukwa. La kwanza ni kwamba akiba katika benki yoyote iliyo na leseni nchini, iwe ya serikali au ya watu binafsi, imelindwa na Shirika la Bima ya Amana hadi Sh500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Kiwango hicho kilianza Julai 2020. Kabla ya hapo kilikuwa Sh100,000. Kinachozidi hapo hutegemea mali itakayopatikana wakati wa ufilisi.

La pili ni kwamba benki zote zinatakiwa kuchapisha hesabu zao kila baada ya miezi mitatu. Ndani ya hesabu hizo kuna mistari inayoonyesha mtaji wa msingi wa benki na kiwango kinachotakiwa na sheria, na chini yake tofauti kati ya hivyo viwili. Tofauti hiyo ikiwa na alama ya kutoa, benki haina mtaji wa kutosha. Ni mstari mmoja tu, na si lazima msomaji awe mhasibu ili kuuelewa.

Wateja wa taasisi zile tisa hawakuwa na mstari huo. Walikuwa na jengo zuri, jina la mwenyekiti mashuhuri na ahadi ya riba. Benki iliyorithi madeni yao imetimiza zaidi ya miaka thelathini na mitano, na swali lililokuwepo siku ya kuzaliwa kwake bado linawangoja wenyewe, ambao ni Wakenya wote: je, wataendelea kuigharimia, wataiuza, au watakubali ifike mwisho?